Kiti cha Akina Penhallow Chaenda Chuo

Jumanne moja ya mwezi Machi, mwaka 1994, saa nne asubuhi, Armand Ouellette alikuwa katika karakana ya Chuo cha Wexcombe akisubiri gundi ipate moto, aliposikia kitu kikishuka ngazi kwa kuchechemea. Hakugeuka. Alidhani ni mzee wa barua, ambaye goti lilimsumbua kila theluji ilipoanza kuyeyuka. Kile kitu kikafika chini, kikasimama karibu na jiko, kikaanza kudondosha maji sakafuni. Ndipo Armand akatazama. Kilikuwa kiti.

"Futa miguu kwanza," akakiambia. "Nimepiga deki sasa hivi."

Kiti kikarudi mlangoni kikajifuta miguu mitatu kwenye gunia. Mguu wa nne, wa nyuma kushoto, ulikuwa umepasuka toka juu hadi katikati, na kilikuwa kikiuburuta. Kwenye mkono wake kilifungiwa karatasi kwa uzi: "Penhallow. Kitengenezwe kabla ya tarehe mosi Mei. Tafadhali sana."

Armand alikijua. Angeachaje kukijua? Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa fundi wa viti pale chuoni, na Wexcombe viti si mchezo. Kila anayehitimu hupewa kiti cheusi cha mbao, chenye mikono, na nembo ya chuo ya rangi ya dhahabu juu ya egemeo. Wengine hukiweka ofisini, wengine sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kupita asikigonge goti. Hiki alipewa Carleton Penhallow wa kwanza mwaka 1891, kikakaliwa na Carleton wa pili, wa tatu na wa nne, na kila baada ya miaka michache kililetwa kwa Armand kikazwe hapa na kubadilishwa pale. Kawaida kililetwa kwa gari. Safari hii kilikuja chenyewe.

"Umetoka wapi na mguu huo?" Armand akauliza.

Kiti hakikujibu, kwa kuwa viti havisemi. Armand akakisogeza karibu na joto, akarudi kwenye gundi yake.

Ajira ile haikuwa na malipo ya kutamanisha, na Armand angeweza kuhamia kiwanda cha samani siku yoyote. Kilichomshikilia kwenye ngazi zile ni mstari mmoja katika kitabu cha wafanyakazi: mtoto wa mfanyakazi, akikubaliwa chuoni, atasoma bure. Armand alikuwa na mtoto mmoja tu, Solange. Alipokuwa na umri wa miaka sita, alimbeba mabegani akamwonyesha majengo ya chuo juu ya kilima, akamwambia, "Pale ni kwako." Tangu siku hiyo hakuyatazama tena majengo yale kama mtu mwenye kuyafanyia kazi. Aliyatazama kama mtu mwenye mizigo yake stendi.

Na Solange naye hakumwangusha. Mji wao, Tannery Falls, ulijengwa na viwanda vya ngozi. Viwanda vikafa, vikaacha mto wenye rangi ya chai. Solange alitaka kujua ile rangi ni nini. Toka alipokuwa na miaka kumi na mmoja alikuwa akishuka kila Jumamosi kuchota maji kwenye chupa za jamu, akiziandika tarehe na kuzipanga kwenye chumba cha chini ya nyumba, hadi mama yake, Lucille, akakosa pa kuweka kabichi. Shuleni alikuwa wa kwanza, na wa pili alikuwa mbali nyuma. Chuo cha serikali kingemchukua hata kesho, lakini kule hakukuwa na kusoma bure, tena mto wake haukupita kule. Maabara ya maji ilikuwa Wexcombe, na Solange aliitaka kwa roho yake yote.

Bahasha ilifika wiki ya kwanza ya Aprili. Pale mjini hata watoto wanajua: bahasha nene ni hongera, bahasha nyembamba ni pole. Iliyokuja kwa akina Ouellette haikuwa hii wala ile. Lucille aliipima kiganjani kabla hajampa binti yake.

"Hii imeshiba nusu," akasema.

Solange alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri.

Kesho yake Armand alivua aproni, akachana nywele kwa maji ya bomba, akapanda hadi ofisi ya mkuu wa udahili, Bi. Pruitt. Mama huyu alikuwa mtu wa watu, hakuwahi kupita karakana bila salamu. Alimkaribisha kiti. Armand akakiangalia kiti kwanza, kwa mazoea ya kazi, akaona hakina hitilafu, akakaa.

"Bwana Ouellette, binti yako ametutesa," Bi. Pruitt akasema. "Kamati nzima inampenda. Zile chupa! Kuna mjumbe alitoka nje kwenda kulia."

"Sasa imekuwaje, mama?"

"Nafasi ni mia nne. Yeye ni wa mia nne na moja."

"Na wa mia nne ni nani?"

"Ni Penhallow."

"Quint?" Hilo ndilo jina walilomwita Carleton wa tano. "Si niliambiwa yuko Vermont anatengeneza jibini?"

"Yuko huko huko. Alikataa kuomba, akamwambia baba yake maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, akaenda zake kwa mbuzi. Lakini nafasi ya Penhallow ipo, Bwana Ouellette. Ipo tangu enzi. Haiwezi ikakaa tu bila mwenyewe. Kwa hiyo kiti cha nyumbani kwao kikaomba."

"Ahaa," Armand akasema.

"Mwezi uliopita mwombaji huyo alikwenda kwenye usaili mwenyewe, peke yake, maili sita kwenye barafu. Ndiko alikoumia." Bi. Pruitt akavaa miwani, akafungua jalada. Msaili alikuwa daktari wa meno, mhitimu wa zamani. "Sikiliza anavyosema. 'Anajua kusikiliza. Hakunikatiza hata mara moja. Ana utulivu ambao siuoni kwa vijana wa leo. Nilijiona niko nyumbani.'"

"Na mitihani alipataje?"

"Mitihani hakufanya. Ila ile sehemu ya jamaa waliosoma hapa, tulilazimika kumwongezea karatasi."

"Na akijitoa mtu?" Armand akauliza.

"Solange anaingia siku hiyo hiyo, naapa. Lakini wote wameshathibitisha, bado yeye tu. Mwisho ni tarehe mosi Mei, saa kumi na moja jioni. Lazima afike mwenyewe atie sahihi kwenye kitabu." Bi. Pruitt akashusha miwani. "Nasikia yuko kwako. Mguu unaendeleaje?"

"Unaendelea," Armand akasema.

Jioni ile walikula maharage na mkate, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na Jumamosi kwao ni maharage. Armand akaeleza yote. Hakuna aliyeshangaa. Familia ya Penhallow ilikuwa imeshapeleka chuoni mtu aliyekuwa akilala mezani na mwingine aliyedhani mto unapanda mlima, na wote walihitimu.

"Kwa hiyo hicho kiti kiko kwako," Lucille akasema.

"Kiko karakana."

"Na mguu wake uko mikononi mwako."

"Uko."

"Basi usikitie gundi, Armand. Sikuambii ukivunje, mimi si mtu mbaya. Usikitie gundi, basi. Tarehe mosi ifike ikukute unasaga saga msasa."

"Mama, kiti hakina kosa," Solange akasema.

"Kwani mimi nina kosa? Wewe una kosa? Baba yako ana kosa? Nisogezee mkate huo."

Armand hakulala vizuri wiki ile. Hakuwahi kuchelewesha kazi ya mtu, na kila asubuhi alipoingia karakana kiti kilikuwa kimekaa pale pale kando ya jiko, kimejiegemeza ukutani kupumzisha mguu, kikimngoja. Mchana kilimfuata fuata. Akienda kwenye randa, kipo. Akienda kwenye mashine ya kukereza, kipo nyuma yake. Hakikuwa msumbufu. Kuna siku kilimshikilia ubao kwa mikono yake miwili akautoboa vizuri sana.

Katikati ya Aprili akaja Bwana Penhallow mwenyewe, Carleton wa nne, mwanasheria kutoka Boston, mrefu, mpole, shingoni skafu ya rangi za chuo. Alivuta stuli akakaa uso kwa uso na kiti, akakishika mkono.

"Sikiliza," akakiambia. "Sikushurutishi. Mimi si baba wa namna hiyo. Babu yangu alipiga makasia hapa, baba yangu alipiga makasia, mimi nilipiga makasia. Wewe ukitaka kupiga makasia, piga. Si lazima ushinde kila mara. Sheria nayo si lazima. Kizazi chenu kina uhuru wake. Ukitaka hata uchumi, soma uchumi. Tunachotaka mama yako na mimi ni ufurahi. Ufurahi hapa."

Kiti kikalia kwenye maungio. Vanishi ikaanza kutoa jasho. Kikarudi nyuma kidogo kidogo hadi egemeo likagota ukutani, na hapakuwa na pa kwenda tena.

"Kinafanana na marehemu baba, huoni?" Bwana Penhallow akamwambia Armand. "Hapa mabegani."

"Naona, bwana."

"Quint alikuwa na majibu. Ukimwambia moja, ana kumi. Hiki ni kisikivu." Akafuta macho kwa ncha ya skafu, hakuwa akiigiza, alikuwa ni baba. "Mguu utakuwa tayari?"

"Kazi zimenibana, bwana."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa Armand katika miaka ishirini na miwili. Mgeni alipoondoka, kiti kilibaki pale ukutani kikitetemeka. Armand alichukua kitambaa chenye mafuta akakipangusa mgongo taratibu. "Pole, bwana mdogo," akakiambia. Akakumbuka mabega yake mwenyewe na yale aliyomwambia mtoto wa miaka sita, akaona haya kidogo, akaongeza mafuta.

Ni katika kupangusa huko ndipo alipoiona. Armand ana kawaida: kipande chochote anachobadilisha kwenye kiti cha mtu, hukipiga chapa ndogo kwa chuma cha moto upande usioonekana, herufi mbili za jina lake na mwaka. Aliiona chapa kwenye mguu uliopasuka: 1979. Akaangalia mguu wa pili, 1976. Akakipindua kiti, nacho kikakubali kupinduliwa. Mikono yote miwili, chapa. Fito za mgongo, moja baada ya moja, chapa. Egemeo, chapa. Kikalio kilikuwa cha 1988, ubao mmoja mpana wa mepo aliouangusha mwenyewe nyuma ya nyumba yake, mti waliokuwa wakiugema kila mwezi wa tatu wapate sharubati ya kumimina juu ya chapati za asubuhi. Alitafuta kwa tochi mahali ambapo hapakuwa na chapa yake. Alichokipata cha akina Penhallow, chini ya kikalio, ni bazoka. Miaka sita ya bazoka zilizotafunwa na kubandikwa.

Hakungoja kuchana nywele. Alikitia kiti kwapani akapanda nacho hadi kwa Bi. Pruitt, akakilaza mezani chali, juu ya majalada.

"Mama, hiki kiti ni changu."

"Bwana Ouellette, taratibu, ana mguu mbovu."

"Hebu tazama. Hapa. Hapa. Na hapa. Nimekitengeneza chote, kidogo kidogo, bila kujua. Mbao zimetoka nyuma ya nyumba yangu. Huu wa kikalio, Solange ndiye aliyenishikia upande wa pili wa msumeno, alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kama habari ni ukoo, basi ukoo wake ni Ouellette. Na kama Ouellette ameshakubaliwa hapa, dada yake ni nani asikubaliwe?"

Bi. Pruitt alivaa miwani akakagua chapa zote, moja moja, bila haraka. Alitikisa kichwa kwa heshima ya kweli.

"Kazi nzuri mno hii," akasema. "Sikujua una mikono namna hii."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tatizo ni moja tu. Ukoo tunauhesabu kwa waliokikalia, Bwana Ouellette. Aliyekitengeneza tunamshukuru kwa namna nyingine."

Akafungua kabati, akamshukuru kwa kikombe cha chai chenye nembo ya chuo.

Armand alishuka na kiti kwapa hili na kikombe mkono ule. Hapo ndipo alipokata shauri. Hakukitia gundi. Kiti alikiweka kando ya jiko, mguu akauacha vile vile, akakaa akitengeneza viti vya watu wengine mpaka Aprili ikaisha.

Tarehe mosi Mei ilinyesha tangu alfajiri. Njia ya kupanda kilimani ilikuwa tope tupu, tope la nchi ile ambalo huvua mtu kiatu na kubaki nacho. Saa tisa na nusu kiti kilisimama. Kilimwangalia Armand, kama kiti kinaweza kuangalia, na Armand akajifanya anatafuta patasi. Kikapanda ngazi kikiruka kwa miguu mitatu, kikatoka.

Armand alivumilia dakika nne. Halafu akachukua mwavuli akakifuata, akakishikia juu. Si kwamba alikuwa amebadilisha nia. Vanishi aliyokipaka jana yake, kwa mazoea tu, ilikuwa bado mbichi, na hakuweza kuvumilia kuona vanishi mbichi ikinyeshewa.

Walipanda hivyo. Kiti kilianguka mara tatu. Mara ya kwanza watu wawili walisimama kutazama. Mara ya pili madirisha ya mabweni yalikuwa yamefunguka. Mara ya tatu, pale chini ya mnara wa saa, kulikuwa na umati ukipiga makofi na mtu akipiga picha. Kila kilipoanguka Armand alibaki amesimama na mwavuli wake. Hakukiinua. Kilijiinua. Saa kumi na dakika arobaini na tano kiliingia ofisini kikiwa na matope hadi kikalioni, kikachovya mguu mzima kwenye wino, kikaugonga kwenye kitabu.

Bi. Pruitt alikuwa analia waziwazi. "Tangu niingie kazi hii," akasema, "sijaona mwombaji aliyepita kwenye dhiki namna hii."

Walikipa Tuzo ya Ustahimilivu palepale, ambayo kwa kawaida hutolewa Juni. Gazeti la chuo lilitoa picha yake ukurasa wa mbele, mguu mbovu umeinuliwa, na juu mwavuli, na mkono wa Armand hadi kwenye kiwiko. Kichwa cha habari kilisema hakuna aliyemsaidia.

Nyumbani Lucille aliisikiliza habari yote hadi mwisho, akaondoa vyombo, akarudi akakaa.

"Ungekitia gundi," akasema.

Solange alikuwa chini kwenye chupa zake. Armand alishuka hadi ngazi ya tatu akamsikia analia, kilio cha kujizuia cha mtu asiyetaka kusikiwa, naye akakaa pale pale kwenye ngazi, asiweze kwenda chini wala juu. Alijiona mjinga. Alikuwa amengoja miaka ishirini na miwili kwa ajili ya neno moja, akikubaliwa, na hakuwahi kuuliza wanakubali nini. Baada ya muda alisikia maji yakifunguliwa. Solange alikuwa anaosha chupa ya Jumamosi ijayo.

Agosti Bi. Pruitt alishuka karakana kwa miguu yake. Kulikuwa na jambo dogo. Penhallow hakuwa na viganja wala vidole, na sheria inasema mwanafunzi asiyeweza kuandika apewe wa kumwandikia. Kazi ya saa chache kwa siku, ya heshima. Mwandiko wa Solange waliuona kwenye zile chupa, ulikuwa mzuri.

"Nitaingia maabara?" Solange akauliza alipoambiwa.

"Popote anapoingia yeye, unaingia."

Lucille alisema bora afe. Solange alisema atakwenda.

Wiki ya kwanza alikibeba kiti kutoka darasa hadi darasa, akakiweka mstari wa mbele, akasimama ubavuni mwake akiandika. Wiki ya pili mwalimu wa kemia, mama mmoja asiye na simile, alimwambia anawazibia ubao walio nyuma, hebu akae. Hapakuwa na kiti kingine. Solange akakaa juu ya Penhallow. Kiti kikanyoosha mgongo, na baada ya hapo hakuna aliyelizungumza. Ikawa hivyo. Mwalimu akiuliza swali, Solange ananyoosha mkono kwa niaba yake. Mtihani ukija, anaandika anayoyajua yeye, juu ya karatasi anaandika Penhallow. Matokeo ya muhula wa kwanza yalipotoka, Bwana Penhallow alipiga simu Wexcombe mara mbili kuhakikisha hakuna kosa, kwa kuwa ukoo wao haukuwahi kupata alama zile. Krismasi alituma kadi kwa marafiki wote. Quint naye alituma jibini, gurudumu zima, lakini alilituma kwa Solange.

Kila mwaka Solange aliomba upya. Kila mwaka kamati ilimpenda, na kila mwaka ilikuja ile bahasha iliyoshiba nusu.

Mwaka wa nne kiti kiliandika tasnifu. Ilihusu rangi ya mto wa Tannery Falls, ikionyesha, kwa chupa karibu mia tano zilizochotwa kila Jumamosi, kwamba chini ya tope mbele ya kiwanda cha zamani kumelala kromiamu ya kutengenezea ngozi, na ikataja ni hatua ngapi kutoka darajani. Serikali ya jimbo ilileta mashine ikachimba mahali penyewe. Tope likaenda, na kabla ya theluji kuanguka mto ulikuwa unaonyesha mawe ya chini. Wazee walikuja kuyatazama, maana walikuwa hawajawahi kuyaona. Pale darajani wakabandika kibao cha shaba kumshukuru Penhallow, mwana wa Wexcombe. Lucille hupita pale akitoka misa. Huinama kwenye ukingo, husema maji mazuri. Kibao hukitazama pia, ila hapo hasemi kitu.

Kabla ya uchimbaji huo, bahasha ya mwaka huo ilifika Aprili, mchana, wakiwa mezani na supu ya njegere. Lucille akaipima.

"Ileile," akasema.

Solange akaifungua, akasoma, akaiweka kando ya bakuli. "Wa mia nne na moja."

"Na wa mia nne?" Lucille akauliza. "Safari hii nani? Meza?"

Armand akaweka kijiko chini. Alikuwa amelijua jambo hili tangu baridi na hakujua aliseme vipi. "Kigoda," akasema. "Kile cha kuwekea miguu, cha akina Penhallow. Mdogo wake kiti. Kilikuja karakana mwezi wa pili, kina mguu unaocheza."

"Armand. Ulikiacha kiende hivyo hivyo?"

"Sikukiacha! Nilijifunza. Nilikitia gundi, nikakibana siku mbili, nikakipiga vanishi mara tatu hadi unajiona uso. Nilidhani kikipanda kilimani kizima, bila kuchechemea, hakuna atakayekililia."

"Na?"

"Bi. Pruitt anasema inaonekana kimelelewa vizuri."

Solange alikuwa akiikunja barua, mara mbili, mara nne, hadi haikukunjika tena. Machozi yalimtoka akayafuta kwa mgongo wa mkono.

"Inauma," akasema.

"Inauma, mwanangu," Armand akasema. Walikula kidogo. Nje kulikuwa na jua zuri na theluji ilikuwa ikidondoka kutoka paani.

"Bi. Pruitt amekuulizia," Armand akasema hatimaye, bila kuinua macho. "Kiti kinahitimu mwezi ujao. Na kigoda hakina hata mikono."

Solange akafikiri.

"Ni kizito?"

"Hapana. Kigoda tu."

"Basi nitakibeba kwa mkono mmoja," akasema, akavuta bakuli lake amalizie supu.